Nawa Mikono, Nenda Nyumbani

Ninyi vijana wa chuo mnaokodi vyumba vyangu hapa Nchiru, nawasikia. Kuta zenyewe ni nyembamba, na masikio yangu bado hayajastaafu. Mlangoni mmebandika "Mungu Mbele", kwenye simu mmeandika "Mungu Mbele", halafu mnazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huyu anaogopa mtihani ambao mwalimu bado hajautunga. Yule alipeleka maombi ya kazi, na sasa anapiga simu kila asubuhi kuuliza kama yamesomwa, mpaka karani wa ofisi ile anamjua kwa sauti. Mwingine juzi alinikuta nikikata nepia, majani ya ng'ombe, akaniuliza, "Mzee, na nikikosa kazi? Na nikipata kazi, nikikosa bibi?" Nilimwambia ashike upande ule mwingine wa mzigo tubebe nepia.

Mimi si mhubiri. Kanisani huwa nakaa karibu na mlango, na mchungaji anajua ni kwa nini. Lakini juu ya hili la kumwachia Mungu nina haki zaidi ya kusema kuliko wengi wanaolipigia kelele, kwa sababu nimekula mshahara wake. Kazi yangu, kwa wasioijua, ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Ng'ombe anapata joto, mwenyewe ananiita, navaa glavu inayofika begani, naingiza mkono mmoja kwa njia ya nyuma ili nishike kizazi, na kwa mkono wa pili napitisha mrija wa mbegu ya dume ambaye hatawahi kumwona. Kazi ya dume zima naifanya mimi, tena nikiwa nimekula uji tu. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, lakini mtu ukiwa na mkono mahali pale huanzi kurekebisha watu cheo.

Aliyenifunza alikuwa Bwana Njiru, mtu wa Ishiara, kule chini Mbeere kwenye joto na mbuzi. Kwa nini mtu wa kwa mbuzi alikuja kuwa fundi wa ng'ombe wa maziwa huku baridini, yeye mwenyewe alisema ni serikali, na serikali haiulizwi. Siku zile, miaka ya kwanza kwanza baada ya uhuru kuzoeleka, gari la serikali lilikuwa na njia yake. Kando ya barabara palijengwa vibanda vya mbao vya kumfungia ng'ombe, na wenye ng'ombe walingoja hapo na chai kwenye chupa. Gari likipita hujafika, basi. Nimewaona wazee wenye heshima zao wakikimbia barabarani wakivuta ng'ombe kwa kamba, kofia zimeanguka nyuma, na ng'ombe mwenyewe hana haraka yoyote.

Njiru alinifunza mengi. Ng'ombe ukimwona na joto asubuhi, mpandishe jioni; ukimwona jioni, mngoje mpaka asubuhi. Usidanganywe na makelele, ng'ombe anaweza kulia kwa njaa. Mtazame anaporukiwa na wenzake: akisimama tuli, huyo ndiye. Mrija ukishautoa kwenye mtungi wa baridi na kuuyeyusha kwa maji ya vuguvugu, uweke ndani ya shati karibu na ngozi, usije ukapata baridi mara ya pili. Wengi wa siku hizi wanaenda nao mkononi wakipiga gumzo na mwenye ng'ombe, halafu wanashangaa.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ile amri yake ya mwisho. Baada ya kila ng'ombe aliniambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma ilani ofisini: "Toa mkono, nawa, nenda nyumbani. Yaliyobaki ni idara nyingine."

Wiki yangu ya kwanza peke yangu sikumsikia. Nilimpandisha ng'ombe wa mwalimu mmoja asubuhi, na jioni roho ikakataa kutulia. Je, mrija ulifika? Je, nilisukuma haraka? Nikarudi nikasimama kwenye ua wa yule mwalimu, nikawa namchungulia ng'ombe usoni, sijui nikitarajia aniambie nini. Mbwa wa mwalimu alinikuta hapo. Njiru aliponifunga kitambaa mguuni hakunionea huruma hata kidogo. "Ulikuwa unatafuta nini huko?" aliuliza. "Ulidhani ng'ombe atakukonyeza?"

Sasa niwaambie habari ya Mzee Muriuki, maana ndiyo sababu nimeanza kuandika.

Mzee Muriuki alikuwa na shamba juu kidogo ya hapa, na alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na mahubiri aliyoyapenda kuliko yote, yale ya kutojisumbua. Tazameni ndege, hawalimi. Tazameni maua, hayashoni nguo. Aliyahubiri vizuri mpaka akina mama wakalia. Akitoka kanisani anaanza: mvua itanyesha lini, mbona maharagwe yana manjano, mlango wa ghala nimeufunga au sikuufunga. Mkewe, Mama Kirimi, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mimi nadhani maneno ya nyumba ile mumewe aliyamaliza yote.

Kijana wao Kirimi alipata mchumba Kiirua, msichana mtaratibu aitwaye Kendi. Wazee wakaenda kuzungumza mahari, kama ilivyo desturi. Baba yake Kendi, Mzee M'Itonga, aliwasikiliza, akakubali haya, akakubali yale, asali akaipokea, kisha akasema neno moja lililowaacha midomo wazi. Mtamba wa mahari anayemtaka, ng'ombe jike ambaye hajazaa, hatanunuliwa sokoni. Lazima azaliwe na ng'ombe wa kwao Kirimi, nyumbani kwao, na aletwe Kiirua kwa miguu yake. Kabla ya mtamba huyo, hakuna arusi.

Mzee Muriuki alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Karembo. Ng'ombe mzuri wa maziwa, lakini mara mbili alizozaa alizaa madume.

Basi nikaitwa. Siku hizo serikali ilikuwa imeanza kuiachilia kazi ile, nami nilikuwa na pikipiki na mtungi wangu mwenyewe. Nikamkuta Mzee Muriuki amesimama zizini na suti ya kanisani, kofia mkononi.

"Daktari," akasema, "leo weka ya kike."

"Mzee, ndani ya mrija zimo za kike na za kiume. Sina ya kuchagua."

Siku hizi iko mbegu iliyochaguliwa, ninyi mnaijua kutoka vitabuni. Wakati ule hatukuwa nayo.

"Basi tuombe kwanza," akasema.

Akaomba. Aliomba mpaka mrija ndani ya shati langu ukawa uko hatarini, nikasema "Amina" mapema ili tumalize. Alipofumbua macho akanishauri nielekeze upande wa kushoto, maana amesikia upande wa kushoto ni wa majike. Nilifanya kazi yangu. Nikatoa mkono, nikanawa, nikamwambia, "Tunanawa, tunaenda nyumbani. Yaliyobaki ni idara nyingine; sasa mwachie Mungu. Si ndiye unayemhubiri?"

"Namwachia," akasema. "Lakini utapita kesho?"

Sikupita kesho. Yeye ndiye alipita kwangu, na kesho yake, na Jumapili baada ya ibada. Mbona amekula kidogo? Mbona amekula sana? Mbona analala upande wa kulia? Nilimwambia ng'ombe analala anakopenda. Baada ya mwezi na zaidi, joto halijarudi, akatulia kidogo, na nikaanza kunywa chai yangu kwa amani.

Halafu asubuhi moja nikamkuta mlangoni hata sijavaa viatu. Karembo alikuwa ameanza kulia na kumrukia ndama wa jirani kwenye ua.

"Haikushika," akasema Mzee Muriuki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Kuja umpandishe tena, leo leo. Kule Kiirua watatuona sisi ni watu wa bure. Kijana yangu hatapata bibi."

Nilikwenda. Nikavaa glavu, nikampapasa Karembo kidogo sana, kwa vidole vya adabu, maana mimba changa ukiiminya unaweza kuiharibu. Nikahisi kile nilichodhani nitahisi. Sasa sikilizeni, hili ndilo jambo la kazi. Wako ng'ombe wachache wenye mimba ambao huonyesha joto la uongo. Anapiga kelele zote, anaruka, na huku tumboni mambo yako salama. Ukimpandisha huyo, ule mrija unapita pale mahali pamefungwa, unavunja kufuli, na mimba inatoka. Hivyo mwenye haraka ndiye anayeiua mimba anayoitaka, tena kwa mkono wa fundi aliyemwita mwenyewe.

Nikamwambia hivyo. Hakuamini. "Una hakika?"

"Nina hakika ya kutosha kukataa kumpandisha."

"Kutosha si yote," akasema. "Na kama umekosea? Tumepoteza wakati."

"Kama nimekosea, joto litarudi tena na tutampandisha. Kama wewe umekosea, umeua ndama. Ngoja, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Nami nikajua kabisa hatangoja, kwa sababu alikuwa tayari anatazama barabara. Mama Kirimi alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya maziwa, akisikiliza. Aliniuliza swali moja tu: "Akipandishwa, atatoa?" Nikasema ndiyo, karibu lazima. Akaenda zake jikoni.

Yaliyofuata nilisimuliwa na fundi mwenzangu, kijana mgeni katika kazi ambaye Mzee Muriuki alimfuata mbali kidogo ili nisijue. Alasiri ile akaja naye na mtungi wake. Wakafika zizini. Zizi tupu. Kamba hakuna, ng'ombe hakuna, ndoo ya maji imeinamishwa ikauke. Mama Kirimi alikuwa ameketi mlangoni akichambua nyeni za jioni.

"Ng'ombe iko wapi?" Mzee Muriuki akauliza.

"Ameenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kwa watu."

"Mama Kirimi, nimekuja na daktari. Ng'ombe iko wapi?"

"Hata mimi nilikuwa na daktari, asubuhi," akasema mama, akiendelea na mboga zake. "Alisema tungoje. Wewe ndiye ulisema kanisani tutazame ndege. Basi tazama ndege. Ng'ombe nimeweka mbali na macho yako."

Mzee alizunguka kijiji chote. Aliuliza mpaka kwa watoto. Karembo alikuwa kwa dada yake Mama Kirimi, ng'ambo ya mto, amefungwa nyuma ya migomba, na ukoo mzima wa akina mama ulijua isipokuwa mzee wa kanisa. Joto la uongo halichukui muda. Lilipokwisha, ng'ombe akarudi nyumbani kwa miguu yake, na habari ile ikatembea zaidi yake. Watu wakawa wakimsalimia Mzee Muriuki kwa kumuuliza kama ng'ombe amesharudi kutoka matembezi. Jumapili alipopanda kuhubiri, hakugusa ndege wala maua. Alichagua vita vya wafalme.

Tumbo likakua. Miezi ikaenda. Na siku ya kuzaa nikaitwa kusaidia, maana tumbo lilikuwa kubwa kupita kawaida. Ndama wa kwanza akatoka: dume. Mzee Muriuki akakaa chini kwenye samadi na suruali yake nzuri. Nilirudisha mkono ndani kuangalia kama yote yametoka, nikashika miguu mingine. Wa pili akatoka. Jike.

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Aliimba, akamkumbatia Kirimi, akanikumbatia mimi nikiwa na glavu yangu, na Jumapili hiyo alitoa ushuhuda mpaka chai ya kanisa ikapoa. Mungu hakumpa mtamba tu, alimpa na nyongeza.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha karibu na mlango, na "Amina" yao sikuiitikia. Kwa sababu mtamba aliyezaliwa pacha na dume, mara nyingi sana hazai maisha yake yote. Damu zao huchanganyika tumboni, na kizazi cha jike hakikui. Anakua mzuri, ananenepa, anapendeza, lakini ndama hatatoa wala maziwa. Nilikuwa nimempima kimyakimya, na sikuona cha kunipa moyo. Kumpeleka mnyama huyo ukweni ni kumwambia mkwe wako kitu ambacho hakuna mdomo unaoweza kukifuta.

Nilimwambia nyuma ya kanisa. Uso wake uliisha. Mimi niliyekuwa nimemcheka mwaka mzima, siku hiyo sikucheka, niliumia naye.

"Usimwambie mtu," akasema baadaye. "Kiirua wataona nini? Ataonekana mtamba mzuri. Baada ya miaka miwili mitatu, nani atakumbuka? Kirimi atakuwa ameshaoa."

Mama Kirimi alikuwa amekuja taratibu nyuma yetu. "Atakumbuka M'Itonga," akasema. "Atamwangalia huyo mnyama kila siku, halafu atamwangalia mtoto wake aliye kwetu. Twende tukawaambie."

"Na wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa."

Nilichukuliwa kwenda nao Kiirua kama shahidi, nikavaa koti langu moja. Upepo wa kule hauna adabu, unaingia kwa mkono wa koti na kutokea mgongoni. Tulipewa chai na viazi. Mzee Muriuki alianza kusema kwa njia ndefu, akapitia kwa mababu, akapitia kwenye mvua, kisha maneno yakamwishia, akasema tu: "Mtamba tumepata. Lakini ni pacha na dume. Daktari anasema hatazaa. Hatuna mwingine. Nimekuja kukuambia, sijui niseme nini zaidi." Kirimi alikuwa anatazama viatu vyake. Kendi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, hamimini.

M'Itonga alikoroga chai yake mpaka mimi nikaanza kuhesabu mabati. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Hii ng'ombe iliyoenda kutembea. Ni nani alificha?"

Hata huko habari ilikuwa imefika. Mzee Muriuki alifunga macho kwa aibu.

"Ni mimi," akasema Mama Kirimi.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanataka kumtia mkono tena. Na alikuwa tayari na lake tumboni. Nikaona aachwe."

M'Itonga akaweka kikombe chini. Alituambia kwamba mkewe, yule mama aliyekuwa jikoni, alikaa miaka mingi kabla ya kumpata Kendi. Kila mwezi watu wa nyumbani walimuuliza. Walimpeleka kwa waombaji, wakampeleka kwa wenye dawa, kila mmoja akamshika tumbo, na wengine walisema M'Itonga aongeze mke. "Walimkagua kama mnyama wa soko," akasema. "Mimi nilikuwa kijana, sikujua kuwafukuza. Mtamba sikuwa na shida naye, mitamba ninao. Nilitaka kuona nyumba inayoweza kungoja kitu kizaliwe kwa wakati wake."

Akamgeukia Mama Kirimi. "Mtoto wangu atakuja kwako. Leteni ile dume, tutaila siku ya arusi."

Kendi alimwaga chai yote kwenye sahani yangu, kikombe hakukiona.

Arusi ilifanyika. Dume alikuwa mtamu. Pacha wake alinenepa bila kazi yoyote, akaliwa Krismasi fulani. Ule ushuhuda wa kanisani haukurekebishwa mpaka leo; nadhani mchungaji naye aliona heri uishie palipoishia.

Lakini sasa mnisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa naenda. Kirimi na Kendi wakakaa. Mwaka, miaka, na hakuna mtoto. Mzee Muriuki, ambaye alishindwa kungojea ng'ombe, sasa alikuwa na hili la kungojea, na mkewe alikuwa amemwambia neno moja tu: "Ukimuuliza mkaza mwana, nitakuficha wewe." Hakumuuliza hata siku moja. Alipozidiwa alikuja kwangu, akaketi kwenye gogo pale nje, akaniuliza kama mvua itanyesha. Tulikuwa tunaongea mvua, sote tukijua si mvua. Nilimpenda siku zile kuliko nilivyowahi kumpenda akiwa mimbarini.

Halafu kikundi cha akina mama wa kanisa kikaja kwake bila kualikwa, na nyimbo na mafuta, kumwekea Kendi mikono tumboni. Mimi nilikuwa zizini kwake na glavu, kwa ng'ombe mwingine, binti wa Karembo aliyezaliwa baadaye peke yake. Nikamwona Mzee Muriuki akienda kusimama katikati ya lango, mikono ameitandaza, mzee wa kanisa mzima, kofia kichwani.

"Akina mama, asanteni," akasema. "Mungu tulishamwambia, na yeye si kiziwi. Kijana alishaoa. Sasa sisi tunawe mikono, twende nyumbani. Hii nyingine si idara yetu."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya ng'ombe nikashindwa kuutoa kwa kicheko. Nikamkumbuka Njiru, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa kwao Ishiara, na kicheko kikageuka, nikajifuta macho kwa bega.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mnataka kujua kama Kendi alizaa. Mnaona ugonjwa wenu? Mama Kirimi amewalinda wawili, ng'ombe na mkaza mwana, na ninyi mnachungulia kwenye ua kama mimi na yule mbwa wa mwalimu.

Haya. Yule msichana mrefu anayewaletea maziwa asubuhi, ambaye mnapokea kwake bila kutoa vile vitu masikioni, mmewahi kumuuliza ni wa nani? Kesho msalimieni vizuri. Kisha osheni vikombe, mkalale.